Jeni Kumi za Saratani ya Koo, na Simu ya Mama Mmoja

Wadau, nimeadimika kibarazani kwa wiki kadhaa, mniwie radhi. Si kwamba sikuwa na la kusema. Kuna jambo lilikuwa linanikera rohoni na sikujua nilianzie wapi. Leo nimeamua kulianzia kwenye kosa langu mwenyewe, maana sisi waandishi wa habari ni hodari sana wa kuandika makosa ya wenzetu.

Mwaka jana niliandika habari fupi gazetini. Kichwa chake kilisema: "Wanasayansi wagundua jeni 10 za saratani ya koo." Ilikuwa siku kavu, mhariri anataka kujaza ukurasa wa afya, nami nikaokota taarifa ya utafiti mmoja wa ng'ambo, nikaitafsiri kwa nusu saa, nikatia neno "matumaini" mara mbili, nikaenda zangu kula. Siku ya tatu simu ikalia. Namba ngeni.

"Shikamoo mama," nikasema, maana sauti ilikuwa ya mtu mzima.

"Marahaba mwanangu. Ndiye wewe uliyeandika ile ya kansa ya koo?"

Nikasema ndiye mimi. Nakiri kifua kilinipanuka kidogo. Si kila siku msomaji anatafuta namba ya mwandishi.

"Sasa mwanangu, hizo jeni kumi zinapimwa hospitali gani? Na ni shilingi ngapi? Mzee wangu tangu mwezi wa nane nyama haipiti. Akaacha nyama, akawa anakula ndizi. Sasa hata ndizi hazipiti, ni uji tu. Wanampa dawa za vidonda vya tumbo."

Nikakaa kimya. Sikuwa na jibu kwa sababu jibu halikuwepo. Zile jeni kumi zilikuwa hazipimwi popote. Nikamwambia, "Mama, achana na habari ya jeni. Mpeleke mzee hospitali kubwa aingizwe ule mpira wenye kamera kooni, wamkate kinyama, kipelekwe maabara."

"Hiyo nayo ni ya jeni?"

"Hapana mama, hicho ni kipimo cha kawaida, kipo miaka mingi."

"Sasa mbona hukuandika hicho?"

Swali hilo ndilo limenifanya niandike leo.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Mtaani tunasema "koo", lakini saratani hii ni ya umio, ule mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Ina aina mbili kubwa. Ya kwanza huanzia kwenye seli bapa zilizotandikwa ndani ya ukuta wa umio. Hii ndiyo yetu, na duniani kote ndiyo inayochukua zaidi ya wagonjwa 80 katika kila 100. Ya pili huanzia kwenye seli za tezi, chini karibu na tumbo. Hiyo inahusishwa na kiungulia cha miaka mingi na unene, na imeshamiri zaidi Ulaya na Marekani. Mwaka 2017 mradi mkubwa wa Marekani wa kuchora ramani ya vinasaba vya saratani ulichapisha uchambuzi wa vivimbe 164 vya umio. Walichokuta ni kwamba aina hizi mbili ni kama magonjwa mawili tofauti kabisa. Ile ya seli bapa inafanana na saratani za kichwa na shingo, ile ya tezi inafanana na saratani ya tumbo. Ni wapangaji wa nyumba moja, lakini si ndugu.

Je, habari yangu ilisema utafiti ulihusu aina gani? Haikusema. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui kama ziko mbili!

Na si ugonjwa mdogo. Makadirio ya mwaka 2022 ni kwamba duniani waliugua watu wapya wapatao 511,000 na wakafa wapatao 445,000. Ziweke namba hizo mbili pamoja uone zilivyokaribiana. Ukanda wetu wa mashariki ya Afrika, kuanzia Ethiopia, ukashuka Kenya, Tanzania na Malawi hadi upande wa mashariki wa Afrika Kusini, ni miongoni mwa sehemu zinazoongoza duniani. Mwaka 2010 madaktari wa hospitali ya Tenwek kule Bomet, Kenya, walichapisha taarifa ya wagonjwa 109 wa saratani ya umio wenye umri wa miaka 30 au chini ya hapo. Miaka 30 jamani! Huo ni umri wetu sisi tunaosoma hapa, wakati sehemu nyingine za dunia huu ni ugonjwa wa wazee.

Sasa turudi kwa zile jeni kumi. Zilipatikanaje?

Chukua fundi cherehani wa mtaani kwenu. Ukutani ametundika mabango ya mishono. Seli zako zote zina mabango yale yale, yenye "mishono" kama 20,000, ambayo ndiyo jeni zinazotoa maelekezo ya kutengeneza protini. Tofauti ya seli ya umio na seli ya ini ni mishono gani inashonwa leo. Karibu na Idd fundi anakata kanzu na madera, ikifika Januari anakata sare za shule. Bango halijabadilika, kazi ndiyo imebadilika. Wanasayansi wanapopima jeni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa, wanahesabu vitambaa vilivyokatwa mezani. Wanachukua kinyama cha uvimbe na kinyama cha umio mzima, wanahesabu kote kote, wanatazama tofauti.

Lakini nyote mnawajua mafundi wetu. Kitambaa kukatwa ni jambo moja, nguo kutoka ni jambo jingine. Ndani ya seli nako ni hivyo hivyo, jeni inaweza kusomwa sana na protini yake isiwe nyingi. Na anayefanya kazi mwilini ni protini.

Hapo ndipo linapokuja suala la mtandao wa protini. Protini hazifanyi kazi peke yake. Moja inaishika nyingine, inaiamsha, inaizima, inaipeleka ikavunjwe. Ukichora mistari kati ya zinazoshirikiana unapata kitu kama ramani ya njia za daladala, na kwenye ramani hiyo kuna vituo vinavyopitiwa na karibu kila gari. Ziba kituo kidogo cha pembezoni, watakaolalamika ni wachache. Ziba Kariakoo, jiji zima linasimama. Kwa hiyo kompyuta inapewa orodha ya jeni mamia zilizobadilika kwenye uvimbe, inazichora kwenye ramani, inatoa "Kariakoo" kumi. Hizo ndizo jeni kumi nilizozitangazia taifa.

Wazo lenyewe ni zuri na sitalidharau. Kasoro ni tatu, nami ningezijua kama ningempigia simu mtaalamu mmoja tu kabla ya kwenda kula.

Kasoro ya kwanza ni kwamba tafiti nyingi za aina hii hazina mgonjwa mpya hata mmoja. Kuna hifadhi za takwimu za wazi, kama ile iitwayo GEO ya Marekani iliyoanza mwaka 2000, ambako mtu yeyote mwenye kompyuta na intaneti anaweza kupakua vipimo vya vivimbe vya watu wengine. Ni jambo jema, hata mwanafunzi wa hapa kwetu anaweza kufanya sayansi bila maabara ya mabilioni. Lakini imezaa mtindo wa kupakua, kulinganisha, kuchora mtandao, kutaja kumi, kuchapisha. Na majina yanajirudia. CDK1, CCNB1, TOP2A. Utayakuta kwenye umio, kwenye ini, kwenye mapafu. Kwa nini? Kwa sababu ni jeni za kugawanyika kwa seli, na saratani yoyote ni seli zinazogawanyika bila breki. Kuzikuta kwenye uvimbe ni kama kuripoti kwamba basi lililo mwendoni limekutwa magurudumu yake yanazunguka. Kweli kabisa. Sasa tufanyeje?

Kasoro ya pili ni ya ramani yenyewe. Protini iliyotafitiwa sana ina mistari mingi kwa sababu watu wengi wameitafuta mistari yake. TP53 ni mfano mzuri. Ni mlinzi wa seli kweli, na imeharibika kwenye saratani nyingi mno za umio za aina yetu. Lakini pia ni miongoni mwa jeni zilizochunguzwa kuliko zote duniani, kwa hiyo kwenye ramani nyingi itatokea katikati. Ukiweka wahesabu magari Kariakoo peke yake, usishangae ripoti ikisema magari yote yako Kariakoo. Protini isiyo na jina kubwa, ambayo labda ndiyo inayomuua mtu wa Bomet au Rombo, haina wa kuihesabu.

Kasoro ya tatu ni sisi kudhani kwamba jeni ikitajwa pamoja na saratani basi ndiyo mhalifu. Mwaka 2018 wanasayansi wa Uingereza walichunguza umio wa watu wasio na saratani. Wakakuta kwamba kwa watu wa umri wa kati na kuendelea, sehemu kubwa ya ukuta wa umio tayari imetawaliwa na seli zenye mabadiliko kwenye jeni iitwayo NOTCH1. Mabadiliko hayo yalikuwa mengi zaidi kwenye umio mzima kuliko kwenye saratani yenyewe! Ningeandika kichwa gani cha habari hapo?

Sasa najua kuna mdau atasema, "Kwa hiyo unataka watu waache utafiti wa jeni wachimbe visima?" Hapana. Tena nina ushahidi dhidi yangu mwenyewe, na ni mzuri.

Mwaka 1992, kule Kyoto, Japani, maabara ya Profesa Tasuku Honjo ilikuwa inatafuta jeni zinazowashwa seli inapojiua. Kazi ilikuwa hii hii ya kulinganisha nini kimewashwa hapa na hakikuwashwa pale. Wakaipata moja, wakaiita PD-1, jina lenye neno kifo ndani yake. Kumbe walikuwa wamekosea kuhusu kazi yake. Mwaka 1999, panya walioondolewa jeni hiyo walionyesha kwamba PD-1 ni breki ya askari wa mwili. Saratani huikanyaga breki hiyo ili askari wasimame. Mwaka 2014 dawa ya kuiachia breki ikaruhusiwa. Mwaka 2018 Honjo na Mmarekani James Allison, aliyeifanyia kazi breki nyingine, wakapewa Nobel. Na mwaka 2019 Marekani ikaruhusu dawa ya kundi hilo kwa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya umio ya seli bapa, aina yetu, wale ambao kipimo cha protini kwenye kinyama chao kinaonyesha kwamba breki inakanyagwa.

Hesabuni wenyewe. Kutoka 1992 hadi 2019 ni miaka 27. Katikati kuna panya, kuna kosa lililosahihishwa, kuna wagonjwa waliokubali kujaribiwa. Na mwisho wake kuna kipimo ambacho daktari anaweza kukiagiza na dawa anayoweza kuiandika, ingawa haimsaidii kila mgonjwa na bei yake iko mbali sana na mfuko wa mkulima. Mimi niliandika habari ya siku ya kwanza ya safari ya namna hiyo, tena safari ambayo huenda haitafika, kana kwamba gari limeshaegesha kituoni.

Lakini lipo jambo linalonisumbua zaidi ya kosa langu. Ni ya nani, hiyo ramani?

Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa vivimbe vya wagonjwa 59 wa Malawi, uliosoma vinasaba vyao na pia jeni zilizowashwa. Ukaonyesha kwamba kwa kutazama jeni zilizowashwa, hata hao 59 wanagawanyika katika makundi matatu. Yaani "saratani ya umio ya Mwafrika" si kitu kimoja. Mwaka 2021 ukaja mkubwa zaidi, wa wagonjwa 552 kutoka nchi 8, zikiwemo Tanzania, Kenya na Malawi. Walitafuta alama za vidole, kwa maana kwamba sumu fulani kama ya sigara huacha mikwaruzo yake maalumu kwenye vinasaba. Walitarajia kwamba nchi zenye wagonjwa wengi zingekuwa na alama ya mhalifu wao. Hawakuiona. Kwa sehemu kubwa mikwaruzo ilifanana, kwenye ugonjwa mwingi na kwenye ugonjwa mchache.

Hapa ndipo ninapobadilika kutoka mkosoaji kuwa mtetezi. Kama maandishi ya vinasaba hayamtaji mhalifu, basi pengine anafanya kazi kwa njia nyingine. Chai kwa mfano. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi joto 65, kwenye kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani. Mwaka mmoja kabla, watafiti waliopima chai ya watu Kilimanjaro walikuta wanaanza kuinywa ikiwa na nyuzi kama 70. Moto hauandiki kwenye vinasaba kama sigara. Inawezekana unaunguza, kidonda kinapona, kesho unaunguza tena, na seli hazipumziki. Kama ni hivyo, ushahidi utakuwa kwenye jeni gani zimewashwa kwenye umio uliochoka, kabla ya saratani. Ni utafiti wa aina ile ile niliyoiandika vibaya! Ila vinyama vinavyohitajika havijapakiwa kwenye hifadhi yoyote. Viko Moshi, Eldoret, Blantyre, ndani ya watu wanaokunywa chai asubuhi hii, na hakuna kompyuta inayoweza kupakua kinyama ambacho hakijakatwa.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii. Kipimo cha kawaida cha kamera na kinyama, kile ambacho yule mama aliniuliza mbona sikukiandika, ndicho mlango wa mambo yote mawili. Ndicho kinachomwokoa mgonjwa akiwahi, na ndicho kinachotuingiza kwenye ramani. Tunapozungumza kana kwamba kuna sayansi ya juu ya kina Honjo na kuna huduma duni ya wilayani, na kwamba ni lazima uchague moja, tunajidanganya. Hospitali ambayo mgonjwa anameza dawa za vidonda miezi mingi bila kuangaliwa umio haiwezi kumtibu, na pia haiwezi kuifundisha dunia chochote kuhusu yeye. Tukidai bajeti ya mashine za endoskopia na wataalamu wa kusoma vinyama, tunadai sayansi pia.

Na sisi wa vyumba vya habari? Nimejiwekea maswali matatu, nami nawaomba wenzangu wayaibe. Vinyama vimetoka kwa watu gani, na ni aina ipi ya saratani? Je, kuna mtu amekwenda zaidi ya kompyuta, akapima kwa wagonjwa wengine? Na daktari wa wilayani atafanya nini tofauti kesho asubuhi? Kama jibu la la tatu ni "hakuna", habari bado inaweza kuandikwa, ila iseme hivyo kwenye aya ya kwanza, si ya mwisho ambayo mhariri ataikata.

Mtaniuliza mzee aliishia wapi. Alipimwa. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imeshaziba njia. Aliwekewa kibomba cha kupanua umio, akarudi kukaa mezani na familia yake akinywa mtori. Mama alinipigia kunieleza juu ya huo mtori kwa furaha ya mtu anayesimulia harusi. Miezi minne baadaye alinipigia tena, na sikuhitaji kuuliza. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, endelea kuandika, watu wanasoma."

Basi mama, nimeandika. Chakula kikianza kukwama, hata kama ni nyama tu na maji yanapita, kapimwe umio, usisubiri hadi ndizi zikatae. Chai iache ipoe kidogo. Sigara na pombe mnazijua. Na ukisoma gazetini kwamba jeni kumi zimegunduliwa, mpigie simu mwandishi, umuulize zinapimwa wapi.

Naomba kutoa hoja. Wadau mliosomea mambo haya, na mliouguza, uwanja ni wenu.